Himoglobini A1c na Neno "Wastani": Historia ya Kipimo cha Sukari ya Miezi Mitatu

Katika majina yaliyoingia lugha yetu kwa mlango wa hospitali, ni machache yaliyo magumu kutamkwa na mepesi kufahamiwa vibaya kama lile la kipimo kiandikwacho kwa herufi na tarakimu: HbA1c. Mgonjwa wa kisukari hupewa karatasi yenye hesabu moja tu, mathalan 7 au 9, na mbele yake alama ya asilimia; kisha huambiwa kwamba hiyo ni "sukari ya miezi mitatu", au kwamba huo ndio "wastani wa sukari" yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kipimo hicho kilivyopatikana na jinsi wataalamu walivyobishana juu ya namna ya kukihesabu. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba ule uitwao wastani haukupimwa katika damu ya mgonjwa: ulikadiriwa, kwa kanuni ambayo imekwisha kubadilika mara moja mbele ya macho yetu. Jambo hili si la matabibu peke yao. Wanaotafsiri karatasi za hospitali na wanaosanifu istilahi ndio wanaoamua mgonjwa atasikia nini, na neno likikosewa, atakayeumia si mfasiri.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe, ijapokuwa kwa ufupi. Wayunani waliuita kwa neno lenye maana ya kupita, kwa sababu maji yalipita mwilini mwa mgonjwa kama mferejini. Matabibu wa India ya kale walikuwa wamekwisha kuuita kwa jina la mkojo wa asali, na Mwingereza Thomas Willis aliandika juu ya utamu huo katika karne ya 17. Mwaka wa 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa mgonjwa akapata mabaki yaliyo matamu kama sukari, akaona pia kwamba majimaji ya damu yake yalikuwa na utamu. Kiswahili kimeuita kisukari, kwa kiambishi kile kile kilichomo katika jina la ndizi ndogo tamu inayopendwa sana pwani. Sijui lugha nyingine iliyoliweka tunda na maradhi katika neno moja bila ya wasemaji kuchanganyikiwa hata siku moja. Muktadha hufanya kazi yake. Katika neno "wastani", kama tutakavyoona, muktadha haufanyi kazi hiyo.

Kwa muda mrefu tabibu alikuwa na njia moja tu ya kujua hali ya mgonjwa wake, nayo ni mkojo. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, figo huizuia sukari isitoke mpaka izidi kiasi fulani katika damu, yapata miligramu 180 kwa desilita. Kwa hiyo mkojo usio na sukari hausemi kama damu ina 80 au 170. Pili, mkojo husema habari za saa chache zilizopita. Hata damu yenyewe ilipoanza kupimwa kwa urahisi, kasoro hii ya pili ilibaki, kwa kuwa tone la damu la saa mbili asubuhi ni shahidi wa saa mbili asubuhi. Tangu insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mjini Toronto mnamo Januari 1922, wagonjwa ambao zamani wangalikufa katika miezi michache waliishi miaka mingi, na katika miaka hiyo wengine walipofuka, wengine figo zao zikaharibika. Je, madhara hayo yaliletwa na sukari yenyewe, au na ugonjwa kwa njia nyingine isiyojulikana? Matabibu walibishana kwa zaidi ya miaka 50, na hawakuweza kukata shauri, kwa sababu hawakuwa na kipimo cha kumwambia mtu sukari yake ilikuwaje kwa muda mrefu.

Kipimo hicho hakikutoka kwa waliokuwa wakiitafuta sukari. Kilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta himoglobini zisizo za kawaida, na hapa ndipo historia hii inapogusa Afrika ya Mashariki.

Himoglobini ni ile protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu, ichukuayo hewa ya oksijeni. Mwaka wa 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu hutembea tofauti na ya watu wengine inapowekwa katika mkondo wa umeme. Huu ulikuwa mfano wa kwanza wa ugonjwa kuelezwa kuwa ni hitilafu ya molekuli. Mwaka huo huo Hermann Lehmann na Alan Raper, waliokuwa wakifanya kazi Uganda, walitangaza kwamba dalili ya selimundu huzidi na kupungua kutoka kabila hadi kabila, na kwamba miongoni mwa Waamba wa magharibi ya nchi hiyo ilionekana kwa watu wapatao 45 katika kila 100. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu: mwenye kurithi himoglobini hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Msomaji aiweke habari hii kando kwa sasa, kwani tutairudia.

Baada ya hapo maabara za nchi nyingi zilishikwa na hamu ya kuchambua himoglobini. Mbinu moja ilikuwa kuipitisha damu katika bomba lililojazwa vitu vinavyozishika protini kwa nguvu mbalimbali, hata zikatoka moja baada ya moja. Mwaka wa 1958 wataalamu wa California waliona kwamba himoglobini ya mtu mzima, hata aliye na afya kamili, si ya namna moja. Mbele ya fungu kubwa hutangulia mafungu madogo madogo. Wakayapa majina kwa utaratibu wa kutoka kwake bombani: A1a, A1b, A1c. Basi hilo ndilo jina. Herufi A ni ya mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mzima, 1 ni alama ya mafungu yaliyotangulia, na c ni kwa kuwa lilikuwa la tatu. Hakuna katika jina hilo herufi hata moja inayotaja sukari, kwa kuwa walioliita hawakujua kwamba sukari imo.

Aliyeiona sukari, au tuseme aliyewaona wagonjwa wa sukari, ni Samuel Rahbar. Alizaliwa Hamadan, Iran, mwaka wa 1929, katika ukoo wa Kiyahudi, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Tehran, na shughuli yake ilikuwa hiyo hiyo ya kutafuta himoglobini zisizo za kawaida kwa njia ya umeme. Katika kupima damu za wagonjwa aliona mstari usio wa kawaida, akagundua kwamba wenye mstari huo wana kisukari. Alipowapima wagonjwa 47 wa kisukari, aliukuta kwa wote. Alitangaza habari hiyo mwaka wa 1968. Kisha alikwenda New York kufanya kazi na Helen Ranney, na mwaka wa 1969 wakathibitisha kwamba kitu hicho ndicho ile A1c iliyokuwa imekwisha kupewa jina. Rahbar aliiacha Iran mwaka wa 1979, akaendelea na utafiti California mpaka alipofariki mwaka wa 2012. Inafaa kukumbukwa kwamba kipimo kinachotumiwa leo duniani kote kilianzia katika maabara ya Tehran, mikononi mwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine.

Tendo lenyewe la kikemia si geni kwa mpishi. Mwaka wa 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi sukari na protini zinavyoshikana na kugeuka rangi kwa joto. Ndiyo sababu maandazi huiva kwa rangi ya hudhurungi. Mwilini joto ni dogo, lakini muda ni mrefu. Glukosi iliyomo katika damu hujishikiza pole pole kwenye ncha ya mnyororo wa himoglobini, pasipo msaada wa kimeng'enya chochote, na ikisha kutulia hapo haibanduki kwa urahisi. Wataalamu walianza kwa kuliita tendo hili kwa neno linalodokeza kazi ya kimeng'enya, kisha wakalisahihisha. Hata wao, basi, hawakuwa na uhakika wa istilahi zao. Chembe nyekundu huishi yapata siku 120. Kadiri sukari inavyozidi katika siku hizo, ndivyo himoglobini nyingi zaidi inavyoshikwa, na kwa hiyo chembe huwa kama daftari iliyoandikwa kila siku. Hata hivyo daftari hiyo haiandikwi sawasawa. Kwa kuwa damu ni mchanganyiko wa chembe changa na kuukuu, yapata nusu ya hesabu hutokana na mwezi mmoja wa mwisho. Jina la "miezi mitatu" ni la kweli kwa mpaka wake, si kwa uzito wa kila mwezi.

Mwaka wa 1976 Ronald Koenig, Anthony Cerami na wenzao wa New York waliwachukua wagonjwa watano waliolazwa, wakazishusha sukari zao, wakaona A1c ikishuka pole pole nyuma yake, kutoka 9.8 hadi 5.8 katika mia kwa hesabu ya kati. Watano ni wachache, lakini walitosha kuonyesha njia. Utafiti mkubwa ulianza Marekani na Kanada mwaka wa 1983, kwa wagonjwa 1,441 wanaotegemea insulini. Nusu yao walitibiwa kama desturi, nusu kwa ukali zaidi; wa kwanza walikaa karibu na 9, wa pili karibu na 7. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1993, ule ubishi wa zaidi ya miaka 50 ulikwisha: miongoni mwa waliokuwa hawajapata madhara ya macho, hatari ya kuyapata ilipungua kwa asilimia 76 kwa waliotibiwa kwa ukali. Mwaka wa 1998 utafiti wa Uingereza uliohusu aina ya pili ya kisukari ulitoa ushahidi wa mwelekeo huo huo. Tangu hapo namba 7 ikawa na mamlaka ambayo namba chache zimepata katika utabibu.

Lakini 7 ya nani? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na kwa mwanaisimu sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote. Damu moja, ikipelekwa maabara tatu, ilirudi na hesabu tatu. Nchini Japani ilisomwa chini kwa yapata sehemu 0.4 kuliko Marekani. Nchini Sweden chini kwa karibu sehemu nzima. Wamarekani, kuanzia mwaka wa 1996, waliweka mpango wa kuzilazimisha mashine zote zifuate hesabu ya utafiti ule wa 1993, yaani walikubaliana juu ya lahaja moja bila ya kuuliza kama ndiyo iliyo sahihi. Shirikisho la kimataifa la wakemia wa hospitali liliuliza. Lilitengeneza njia ya kupima kile tu kinachostahili kuitwa A1c, na ikaonekana kwamba zile mashine za zamani zilikuwa zikihesabu pamoja nacho vitu vingine vilivyotoka bombani wakati mmoja. Ile 7 katika mia, kwa kipimo safi, ilikuwa 5.3 tu.

Wangefanya nini? Kuwaambia mamilioni ya watu kwamba 7 zao sasa ni 5.3 kungekuwa kusema kweli na kuleta madhara kwa pamoja, kwa maana mtu akiona hesabu imeshuka hulegea. Ragnar Hanas wa Sweden aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 2002, kwamba kubadilishwa kwa mizani peke yake huathiri jinsi wagonjwa wanavyojitunza. Mwaka wa 2007 wakuu wa vyama vya kimataifa walipatana: hesabu mpya iandikwe kwa elfu badala ya mia, ili isifanane na ya zamani hata kidogo. Hivyo 7 katika mia ya zamani ikawa 53 katika elfu, na 6.5 ikawa 48. Uingereza ilihamia huko moja kwa moja mwaka wa 2011; Marekani ikabaki na mia yake; Japani iliacha mizani yake mwaka wa 2012 ikafuata ya Marekani. Huu ni mfano safi wa mambo yaonekanayo katika usanifishaji wa lugha: lahaja iliyoshinda haikushinda kwa usahihi, bali kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa kuandika kitabu kilichosomwa na wote.

Katika mapatano hayo hayo ya 2007 kulikuwa na shauri la tatu: A1c ifasiriwe kuwa wastani wa sukari katika damu, kwa vipimo vile vile ambavyo mgonjwa huviona katika mashine yake ya nyumbani. Kwa nini umpe mtu hesabu ya himoglobini, naye anajua hesabu ya sukari? Nia ilikuwa njema. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2008 uliwafuata watu 507 kwa muda wa miezi mitatu, ukapima sukari yao mara nyingi sana, ukatoa kanuni: zidisha A1c kwa 28.7, kisha utoe 46.7, utapata wastani kwa miligramu. Kwa kanuni hiyo 7 ni miligramu 154 kwa desilita, ambayo katika vipimo vya milimoli ni 8.6 kwa lita, na 8 ni 183, yaani milimoli 10.2.

Sasa msomaji atazame. Kabla ya mwaka wa 2008 jedwali lililotumika lilikuwa limetokana na utafiti ule wa 1993, ambamo kila mgonjwa alipimwa mara saba kwa siku moja tu katika kila miezi mitatu. Na kwa jedwali hilo 7 ilikuwa yapata 170. Damu haikubadilika, mgonjwa hakubadilika, hata asilimia haikubadilika, lakini "wastani wake" ulishuka kwa miligramu zaidi ya 15 kwa sababu ya kanuni. Na hata kanuni mpya husema kitu cha kati ya watu wengi. Kati ya wenye 7, wengi wa kutosha walikuwa na wastani wa kweli popote kati ya 123 na 185. Watu wawili wanaweza kupewa karatasi zinazofanana, mmoja akiwa na sukari ya kuridhisha na mwingine akihitaji dawa zaidi.

Kwa Kiingereza jina la hesabu hiyo lina neno la kuonyesha kwamba ni makadirio. Katika mazungumzo ya Kiswahili neno hilo huanguka mara moja, na hubaki "wastani wa sukari". Tena "wastani" si neno tupu. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kati, na kabla ya kuwa istilahi ya hesabu lilikuwa, na bado ni, neno la sifa: mtu wa wastani si tajiri wala si maskini, bei ya wastani ni bei isiyoumiza, na kula kwa wastani ni kula kwa kiasi. Kwa hiyo "wastani wa sukari yako ni 10.2" na "sukari yako ni ya wastani" ni sentensi mbili zilizoachana kwa kiunganishi na mpangilio tu, lakini ya kwanza ni onyo na ya pili ni pongezi. Mgonjwa anayesikia kwa wasiwasi, katika chumba chenye watu wengi, hushika neno analolijua. "Asilimia" nayo ina mtego wake: 9 katika mia, kwa aliyepita shule, ni alama ndogo mno, wala hakuna anayemwambia ni asilimia ya nini. Si ya sukari katika damu. Ni ya himoglobini iliyokwisha kushikwa.

Maoni yangu ni kwamba neno "kadirio" lisiachwe kamwe: "kadirio la wastani wa sukari", hata kama ni refu. Na pale mizani ya elfu inapotumika, Kiswahili kina bahati ambayo wengine hawana, kwa sababu hesabu hiyo hutamkika ilivyo: 53 kwa elfu, maana yake katika kila himoglobini elfu moja, 53 zimeshikwa na sukari. Hakuna haja ya kumtajia mtu moli wala milimoli. Wataalamu wa Marekani wenyewe walijifunza somo la majina mwaka wa 2018: hesabu iliyokuwa ikitolewa na vyombo vinavyopima sukari usiku na mchana, nayo ikaitwa makadirio ya A1c, ilipewa jina jipya lisilotaja A1c kabisa, kwa kuwa watu waliilinganisha na ile ya maabara wakaona hazipatani, wakashuku mojawapo ni ya uongo.

Turudi kwa Lehmann, Raper na Allison. Shirika la Afya Duniani liliikubali A1c mwaka wa 2011 kuwa njia ya kuutambua ugonjwa, si kuufuatilia tu, na mpaka uliowekwa ni 6.5. Lakini daftari huaminika ikiwa kila daftari ina kurasa sawa. Mahali ambapo chembe nyekundu hufa mapema, kwa malaria, kwa selimundu, au kwa upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, sukari haipati muda wa kuandika, na hesabu hutoka ndogo kuliko haki yake. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuipandisha. Mwenye selimundu kamili hana himoglobini A hata kidogo, na kwa hiyo hana A1c ya kupimwa. Aliyeongezewa damu husomwa kwa daftari ya mwingine. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba Wamarekani weusi wenye dalili ya selimundu kwa mzazi mmoja walikuwa na A1c ndogo kwa yapata sehemu 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ile ile. Utafiti mwingine wa mwaka huo ulionyesha kwamba kwa wanaume wenye namna ya G6PD iliyoenea kwa watu wa asili ya Afrika tofauti ilifika 0.8, na ukakadiria kwamba Wamarekani weusi wapatao 650,000 wenye kisukari wangeweza kukosa kutambuliwa kama wangepimwa kwa A1c pekee.

Na wale 507 ambao kwao kanuni ya wastani ilitolewa, wengi wao walikuwa wa asili ya Ulaya, na waliochaguliwa walikuwa wasio na upungufu wa damu wala himoglobini zisizo za kawaida. Kanuni hiyo ndiyo inayochapishwa karatasini, pamoja na neno "wastani", kwa mgonjwa wa Bundibugyo, wa Kisumu na wa Tanga, mahali ambapo selimundu na malaria vimekaa pamoja kwa karne nyingi. Kwa mgonjwa huyo sukari inayopimwa moja kwa moja katika damu, akiwa hajala, bado ina haki ya kusikilizwa. Na pale hizo hesabu mbili zinapopingana, la kuulizwa kwanza ni chembe zake nyekundu zinaishi siku ngapi.